Ndoto Mbaya Zinazojirudia: Kazi Yake Ni ya Mchana

Ukiota vibaya mara mojamoja huhitaji mwongozo. Kunywa maji, geukia upande wa pili, lala. Maelezo haya ni ya mtu anayeshtuka kwa hofu kila wiki, tena zaidi ya mara moja, miezi inakatika, mpaka anaanza kukiogopa kitanda. Anakaa na simu hadi saa 8 usiku ili usingizi umzidi nguvu, asubuhi anafungua biashara yake Makoroboi, hapa Mwanza, macho mekundu, na usiku unaofuata ndoto zinazidi. Madaktari wa usingizi hukadiria kwamba watu wazima wapatao 4 katika kila 100 wana tatizo hili kwa kiwango cha kuwaharibia siku. Kwenye daladala iliyojaa ya Buhongwa, huenda yumo mmoja.

Wengi hupambana na ndoto usiku, wakati ambao mtu hana la kufanya zaidi ya kutulia. Ndoto inayojirudia hushughulikiwa mchana, kwa kalamu, na kwa utaratibu tutakaoueleza. Lakini kabla ya kushika kalamu, hakikisha kwamba kinachokuamsha ni ndoto kweli.

Jua kinachokuamsha

Usingizi una mizunguko, kila mmoja wa kama dakika 90. Ndani ya mzunguko kuna kipindi ambacho macho huchezacheza chini ya kope, ubongo unafanya kazi karibu kama wa mtu aliye macho, na misuli imelegezwa ili usiyatende unayoyaota. Ndoto kali hukaa hapo. Kipindi hicho ni kifupi mwanzoni mwa usiku na kirefu kuelekea alfajiri, ndiyo maana ndoto mbaya halisi huja saa 9, saa 10, saa 11, na ukishtuka unaikumbuka vizuri: nani alikuwepo, alisema nini, mlango ulikuwa upande gani.

Mtoto anayepiga yowe saa 5 usiku, saa moja au mbili tu tangu alale, akakaa macho wazi, jasho linamtoka, hamtambui hata mama yake, kisha akalala tena na asubuhi hana habari, huyo hakuwa anaota. Ameamka nusu kutoka kwenye usingizi mzito. Usimtikise wala kummwagia maji. Ondoa jiko, ndoo na chochote cha kumuumiza, kaa karibu asianguke, subiri. Mara nyingi hupita kabla robo saa haijaisha. Ikiwa inajirudia kila usiku saa ileile, mwamshe taratibu dakika 15 hadi 30 kabla ya saa hiyo, kisha mwache alale tena. Fanya hivyo kwa wiki mbili hadi nne. Wengi huacha wenyewe wakikua.

Kukabwa na jinamizi ni jambo jingine. Umeamka, unaliona paa, unaisikia bodaboda nje, lakini huwezi kuinua hata kidole, kifuani kuna uzito, pengine na kivuli cha mtu pembeni. Ule ulegevu wa misuli umechelewa kuondoka wakati akili imeshaamka. Huchukua sekunde kadhaa hadi dakika chache na hakuui. Kosa la kawaida ni kujaribu kuinuka mwili mzima kwa mkupuo. Unashindwa, hofu inapanda, unahisi pumzi inakatika. Elekeza nguvu kwenye kitu kidogo: kidole gumba cha mguu, ulimi, kope. Toa pumzi polepole. Anayelala na wewe akikuona unaguna na macho yanahangaika, akuguse bega na kukuita jina, basi. Hali hii huwapata zaidi wanaolala chali na waliokosa usingizi siku kadhaa, kwa hiyo lala ubavu na ulipe deni la usingizi kabla ya kutafuta sababu nyingine.

Halafu kuna usiku unaofanana na ndoto mbaya lakini ni wa daktari tangu mwanzo. Ukiamka umejing'ata ulimi, umejikojolea, au umechanganyikiwa hujui ulipo, kifafa huweza kutokea usingizini tu. Ukikoroma kwa nguvu, mkeo anasema pumzi hukatika kisha unaamka unahema, na ndoto zako ni za kuzama au kunyongwa, huenda njia ya hewa ndiyo inayoziba na ubongo unaisimulia kama maji. Na mwanaume aliyevuka miaka 50 ambaye ameanza kupiga ngumi, mateke, hata kuruka kitandani akifuata anachokiota, asifanyiwe mzaha nyumbani. Misuli yake hailegei inavyotakiwa, na kwa baadhi ya watu hiyo huwa dalili ya mapema ya ugonjwa wa Parkinson, miaka kadhaa kabla ya mkono kuanza kutetemeka. Wakati anasubiri kuonwa, godoro liwekwe chini na panga litoke chini ya kitanda.

Mwili, dawa na glasi

Ndoto za ajabu zilizoanza juzi, zikiambatana na kutetemeka, kichwa na viungo kuuma: kapime malaria kwanza. Homa ya aina yoyote huvuruga ndoto, na hapa ziwani malaria ndiyo ya kwanza kushukiwa.

Kisha soma majina ya dawa unazomeza, hasa kama ndoto zilianza wiki chache baada ya kuanzishiwa mojawapo. Propranolol, inayotolewa kwa presha, kipandauso na moyo kwenda mbio, inajulikana kwa kuleta ndoto mbaya. Zipo dawa za kundi lake zinazoingia kidogo zaidi kwenye ubongo, kwa hiyo muulize daktari kama inabadilishika. Dawa za msongo na sonona huweza kuleta ndoto kali zinapoanzwa na zinapoachwa ghafla. Kwa walio CTC, yaani kliniki ya dawa za VVU, efavirenz ndiyo iliyokuwa maarufu kwa ndoto za kutisha, hasa ikimezwa baada ya chakula chenye mafuta mengi. Wengi sasa wamehamishiwa dawa yenye dolutegravir. Hiyo nayo huwanyima baadhi ya watu usingizi wakiimeza usiku, na mara nyingi kliniki hukuruhusu kuihamishia asubuhi. Usiache dawa yoyote mwenyewe kwa sababu ya ndoto. Nenda na tarehe mbili kwenye karatasi, ya kuanza dawa na ya kuanza ndoto. Hizo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Mgonjwa wa kisukari anayejichoma insulini akiamka kwa ndoto mbaya, shati limelowa jasho, kichwa kizito asubuhi, apime sukari saa 8 au saa 9 usiku. Sukari ikishuka usingizini, mwili hutoa kemikali zilezile za hofu. Dalili zikikukamata na kipimo hakipo, kunywa soda ya kawaida au maji yenye sukari, na kipimo upate kesho yake.

Pombe inastahili maneno zaidi kwa sababu watu huinywa kama dawa. Bia tatu au glasi ya gongo huleta usingizi kweli, na nusu ya kwanza ya usiku ndoto hupungua. Ini likishamaliza kuichuja, kipindi kile cha ndoto kilichobanwa hurudi kwa kishindo, na mtu anajikuta macho saa 9 akitoka jasho. Anahitimisha kwamba kesho aongeze. Ukiipunguza, tarajia ndoto zizidi kwa siku kadhaa kabla hazijatulia. Aliyezoea kunywa sana kila siku asikate ghafla peke yake, apitie hospitali, kwani kukata ghafla huweza kuleta degedege. Bangi ni vivyo hivyo: inabana ndoto, ukiiacha zinafumuka kwa wiki kadhaa. Wengi hurudi kuvuta hapo hapo wakidhani wamerogwa.

Chakula chenyewe hakitungi ndoto. Ugali mkubwa saa 4 usiku ukifuatwa na kulala hukuletea kiungulia, kiungulia hukuamsha, na anayeamka mara nyingi hukumbuka ndoto nyingi. Joto hufanya hivyohivyo. Nyumba za mlimani, Mabatini, Igogo, Bugarika, zimekaa juu ya mawe yaliyopigwa na jua kutwa nzima na huendelea kutoa joto usiku; weka nyavu za mbu madirishani ili yaweze kubaki wazi, sogeza kitanda mbali na ukuta unaopigwa na jua la jioni, na usikiondoe chandarua hata kama unaota umenaswa ndani yake. Kivute kwenye kona zote nne kisikuguse uso.

Wanaolala mchana

Mvuvi wa dagaa hana usiku. Huingia ziwani jioni giza la mwezi likiwepo, hurudi mwaloni kunapambazuka, anapima, anaanika, na kulala saa 3 asubuhi kambini chini ya bati. Saa hizo za asubuhi ndizo ambazo saa ya ndani ya mwili husukuma ndoto kwa nguvu zaidi, kwa hiyo anaingia kwenye ndoto haraka, tena katika mwanga, joto na kelele zinazomkatisha. Mlinzi na muuguzi wa zamu ya usiku wako njia hiyohiyo.

Unaporudi, vaa kofia pana au miwani ya jua. Mwanga mkali wa asubuhi unaliambia jicho kwamba siku imeanza. Chai na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa 7 usiku. Kula kidogo, lala saa ileile kila siku, kwa mfano saa 3 hadi saa 8 mchana, na kama hazitoshi ongeza saa moja na nusu kabla ya kutoka jioni. Kanga mbili zilizokunjwa dirishani hufanya giza la kutosha. Isipowezekana, funga kitambaa machoni.

Mwezi ukiwa mpevu na kambi ikapumzika, usishangae ndoto zikija nyingi usiku wa kwanza na wa pili. Mwili unalipa deni. Siku ya kwanza ya mapumziko lala asubuhi kwa muda wa saa mbili tu, kaa macho hadi saa 3 usiku, ndipo ulale. Wanaolala mchana kutwa siku hiyo hupoteza usiku mzima wakitazama bati, kisha huota vibaya kesho yake tena.

Daftari

Hapa ndipo kazi ilipo. Mbinu hii, ya kuiandika upya ndoto na kuipitia kichwani mchana, imechunguzwa kwa miaka mingi. Jaribio lililoipa jina zaidi liliongozwa na daktari Barry Krakow huko Marekani, likachapishwa 2001. Lilihusu wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono, na ndoto zao zilipungua, usingizi ukawa bora. Mwaka 2018 chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kiliiweka kwenye mapendekezo yake. Haihitaji mashine wala kidonge.

Ndoto ikishajirudia mara nyingi hugeuka mazoea. Ni kama kijia cha miguu kinachokatiza uwanja: kila anayepita anakifuata kwa sababu kimeshakatwa. Hukifuti kwa kukikataza. Unakata kingine pembeni, unakipita kila siku.

Chukua daftari la shule, kalamu, na dakika 20 za mchana au jioni mapema. Usifanyie kitandani, na usifanye katika saa ya mwisho kabla ya kulala.

Chagua ndoto moja. Zipe ndoto zako alama kuanzia 0 hadi 10 kwa jinsi zinavyokutisha, uanze na ya 3, 4 au 5. Ile ya 10 iache. Ile inayorudia tukio lililotokea kweli, kama ajali au kupigwa, iache nayo kwa sasa. Mtu anayeanza na kubwa kuliko zote huona jasho linamtoka mezani, anafunga daftari, na halifungui tena hata umlipe.

Andika ndoto ya zamani mara moja tu, kwa ufupi, nusu ukurasa, kana kwamba inatokea sasa. Kisha amua pa kuibadilisha. Unaweza kubadilisha chochote: mahali, mtu, mwisho, rangi, sauti. Hakuna badiliko sahihi au la makosa, na la kuchekesha linaruhusiwa. La muhimu ni libadilike mapema, kabla hofu haijapanda. Tazama mfano wa mtu anayeota anazama:

*Ya zamani.* Tunatoka Kayenze usiku. Maji yanaingia kwa nyuma. Nachota kwa ndoo, ndoo haina kitako. Taa inazima. Mdogo wangu ananiita, simwoni. Maji yananifika kifuani.

*Mpya.* Tunatoka Kayenze usiku. Maji yanaingia kwa nyuma. Nachota kwa ndoo, ni ndoo nzima, ya njano, mshikio wake wa kamba unanikwaruza kiganja. Chini ya mtumbwi kunakwaruza pia: tumegusa mchanga. Nashuka, maji yananifika magotini, yana uvuguvugu. Mdogo wangu ameketi mbele anatafuna muwa, anatema makapi ziwani, ananiambia nimechelewa. Tunauvuta mtumbwi. Ufukweni kuna harufu ya dagaa wanaoanikwa na mama mmoja anakaanga mihogo. Kunapambazuka. Nakaa juu ya jiwe, jiwe bado lina joto la jana.

Badiliko limeanzia kwenye ndoo, sekunde chache kabla ya mahali ambapo huwa panatisha. Mpya ni ndefu kuliko ya zamani, na imejaa vitu vya kugusa, kunusa na kusikia, kwa sababu picha tupu haikai kichwani. Hakuna aliyepigana wala aliyefufuka. Wengi huandika toleo ambalo wanamshinda adui kwa panga. Huwafaa baadhi, lakini kwa maoni yetu mwili unabaki kwenye vita, mapigo yako juu, na ni rahisi kuteleza kurudi kwenye ya zamani. Anayekukimbiza akigeuka kuwa konda anayekudai chenji, kazi imekwisha.

Kisha mazoezi. Kila siku, dakika 10 hadi 20, funga macho upite kwenye ndoto mpya kuanzia mwanzo hadi mwisho, polepole, ukigusa ndoo, ukisikia mchanga. Mpya peke yake. Kosa linaloharibu kazi kuliko yote ni kuipitia ya zamani kwanza "ili kufika" kwenye mpya. Hapo unafanya mazoezi ya ndoto mbaya kila siku. Ikikuingilia katikati, fungua macho, taja kwa sauti vitu vitatu unavyoviona, anza upya kutoka badiliko. Ikishindikana mara tatu, acha hadi kesho.

Usitengeneze ndoto mpya zaidi ya mbili kwa wiki. Ukiishika ya kwanza, nenda kwenye ya alama 6, kisha 7.

Asiyeona picha akifumba macho aanze na kitu kirahisi: siku tatu nne za kupita kichwani mahali anapopajua na kupapenda, labda kivuko cha Kamanga jioni, honi, upepo, sato wanaokaangwa. Uwezo huo hukua kwa kutumiwa. Asiyejua kuandika asimulie kwa sauti, au ajirekodi kwenye simu, mradi afute ile ya zamani na abaki na mpya.

Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari chora mistari: tarehe, idadi ya ndoto mbaya, alama ya hofu. Usipime kwa siku, pima kwa wiki. Wengi huona tofauti katika wiki ya pili au ya tatu, wengine hufika ya sita, na mara nyingi alama ya hofu hushuka kabla ya idadi. Usisubiri kuiota ile mpya. Baadhi hawaioti kamwe; ya zamani inapauka tu, inakatikia njiani, au wanaamka wakiwa wamekereka bila kuogopa. Hayo ni mafanikio.

Kwa Mwislamu anayefuata mafundisho ya kutomsimulia mtu ndoto mbaya, mbinu hii haimlazimishi kusimulia. Kila kitu kinaishia kwake, na karatasi ya ndoto ya zamani anaweza kuichana akishaandika mpya. Dua ya kulala, sala na maombi hukaa vizuri tu na daftari. Kinachokosesha usingizi ni mikesha ya kuikemea ndoto usiku baada ya usiku, kwa sababu inaongeza uchovu na kuifanya ndoto kuwa jambo kubwa kuliko yote nyumbani.

Ukishtuka saa 9 usiku

Kaa, weka nyayo sakafuni. Sakafu ni baridi, na ubaridi huo ni habari ya kweli ya kwanza unayopata. Washa taa hafifu. Sema kwa sauti ndogo jina lako, mahali ulipo na siku ya leo. Vuta pumzi ukihesabu hadi 4, itoe ukihesabu hadi 6, mara kumi. Geuza mto, kama shati limelowa badilisha, maana ukilala tena katika jasho lilelile mwili unaendelea na habari ileile. Kisha rudi ulale kwa ubavu mwingine, ukipita kwenye ndoto mpya kama umeshaizoea mchana; kama hujaizoea, pita kwenye mahali pako pazuri.

Usitazame saa, usifungue simu, usimwamshe mtu kila mara kumsimulia. Hadithi nzima isimuliwe asubuhi, au isisimuliwe. Ukiona zimepita kama dakika 20 na usingizi haupo, toka kitandani, kaa kwenye kiti gizani au fanya kazi ya mkono isiyo na maana kubwa, kuchambua mchele kwa mfano, urudi ukisinzia. Na haijalishi ulilala vipi, amka saa yako ya kawaida. Wanaofidia kwa kulala hadi saa 4 asubuhi hujipa muda mrefu zaidi wa kile kipindi cha ndoto, na ndoto mbaya nyingi huangukia humo.

Mtoto wa miaka mitatu hadi kumi aliyeota vibaya mkumbatie, mwambie ni ndoto na imeisha, mrudishe kwenye kitanda chake. Usimhoji usiku. Kesho yake mchana mpe karatasi achore, kisha umuulize huyo fisi angependa avae nini. Mtoto huchora fisi mwenye gauni la harusi bila kuambiwa mara mbili, na hiyo ndiyo mbinu yote kwa umri wake. Babu na bibi nao waombwe hadithi za fisi na wachawi zihamie saa 10 jioni.

Uso unaouona ndotoni

Ubongo ukitunga ndoto huchukua nyuso zilizo karibu: jirani, mama mkwe, bibi wa nyumba ya tatu ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote. Uso huo si ushahidi wa lolote. Katika mikoa hii ya ziwa vikongwe wamepoteza maisha kwa tuhuma za uchawi, na tuhuma nyingine huanza kwa mtu kusema "nimemwota". Ukiota jirani anakukaba, mwandikie sehemu nyingine kwenye ndoto mpya: mpe sahani ya viazi akuletee. Kama kwenu kumwota marehemu hufuatwa na tambiko au misa, fanyeni kwa utaratibu wenu. Ila mganga akianza kutaja majina ya watu walio hai, ondokeni.

Pasipotosha daftari

Ndoto inayorudia jambo lililotokea, ajali ya kivuko, kuvamiwa, kubakwa, kufiwa na mtoto, haifai kushughulikiwa peke yako mezani, hasa kama mchana pia unashtuka kwa sauti, unakwepa njia fulani au unaona tukio mbele ya macho. Hapo tafuta mtu aliyefunzwa. Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili. Sekou Toure ndiyo hospitali ya rufaa ya mkoa, na ukianzia kituo cha afya cha karibu omba barua ya rufaa. Sema wazi dirishani: "Nina ndoto za kutisha mara tatu kwa wiki tangu mwezi fulani, zinanizuia kufanya kazi." Anayesema tu "silali" hupewa vidonge vya usingizi, na vingi vya hivyo havigusi ndoto. Beba daftari. Ukiandikiwa prazosin, ambayo kwa asili ni dawa ya presha, dozi ya kwanza imeze ukiwa tayari kulala na usiinuke ghafla usiku kwenda chooni, maana huangusha. Huwasaidia baadhi, wengine hapana. Jaribio kubwa la 2018 kwa askari wa zamani wa Marekani halikuona tofauti na kidonge kisicho na dawa.

Ikiwa ndoto zimekufikisha mahali pa kutamani kufa, au unapanga namna, nenda leo, usiku huohuo kama ni usiku, ukiwa na mtu. Idara ya dharura haifungwi.

Baada ya miezi ya utulivu ndoto huweza kurudi, mara nyingi kwa sababu inayoeleweka: msiba, mtihani, ujauzito, malaria, au tarehe. Waliopoteza watu kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba wanaijua 21 Mei, na wa kisiwa cha Ukara wanaijua 20 Septemba, siku kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka 2018. Tarehe yako iwekee alama kwenye kalenda, na uanze dakika 10 za mazoezi ya ndoto mpya wiki mbili kabla yake. Ukurasa ulishauandika, tafuta tu daftari liko wapi.